Bandama la Mtihani

Watoto waliolazwa katika wodi ile hawakuitwa kwa majina yao ya ubatizo. Aliyelala karibu na dirisha aliitwa Moyo. Aliyekuwa karibu na sinki aliitwa Figo. Mapacha wawili wa mtaa wa Cimpunda, waliozaliwa kabla ya siku zao, waliitwa Mapafu, wote wawili pamoja, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuwatofautisha. Aliyewapa majina hayo ni Profesa Cyprien, mkuu wa idara ya watoto katika hospitali moja kubwa juu ya kilima, hapa Bukavu, na neno lililotoka kinywani mwa Profesa Cyprien halikuwa na rufaa duniani, na wengine walishuku hata mbinguni.

Kila asubuhi alipita vitandani na msafara wake. Yeye mbele, tumbo likimtangulia hatua moja. Nyuma yake madaktari waliokuwa wakisomea udaktari wa watoto, wamejipanga kwa miaka yao kama watoto wanaokwenda komunyo ya kwanza. Nyuma yao wauguzi, na nyuma kabisa wanafunzi, ambao hawakusikia kitu lakini waliandika. Profesa akitania, aliyepaswa kucheka wa kwanza ni daktari wa mwaka wa mwisho, yule wanayemwita senior. Wengine walifuata kwa ngazi, na kicheko kilipofika mlangoni kwa wanafunzi, Profesa alikuwa ameshaanza kukasirikia jambo jingine.

Mwaka huo waliokuwa mwaka wa mwisho ni wawili, Hugues na Joviale. Hugues alicheka vizuri. Alikuwa na kicheko cha tumboni, cha mtu aliyefurahi kweli, na alijua kukikata pale pale Profesa anapovuta pumzi ya kuendelea. Joviale hakujaliwa kipaji hicho. Wazazi wake wa Bagira walimpa jina la mtu mchangamfu, naye akakua msichana wa kuuomba mlango radhi akiugonga kwa bega. Alipotoa habari za mgonjwa alinong'ona.

"Sauti, Docteur, sauti!" Profesa humwambia. "Hapa si kwenye maungamo."

Na Hugues hucheka.

Basi katika wodi hiyo akaletwa mtoto wa kike wa miaka minane, Gloire, kutoka Luvungi, huko chini kwenye uwanda wa Ruzizi, ambako kuna mpunga mzuri, joto kali na mbu wasio na haya. Mama yake, Christine, alikuwa amembeba mgongoni kama mtoto wa kunyonya, maana hakuweza kutembea. Macho meupe, midomo myeupe, homa inakuja na kuondoka kama mpangaji asiyelipa. Na tumbo! Upande wa kushoto kulikuwa na kitu kigumu kilichoanzia chini ya mbavu kikashuka mpaka kitovuni. Ni bandama, lililovimba kwa malaria ya miezi na miezi.

Profesa Cyprien aliweka mkono wake juu ya tumbo hilo, akafumba macho kama anayeonja divai.

"Magnifique," akasema, na bandama akaliita kwa Kifaransa. "Rate ya namna hii sijaigusa tangu ujana wangu."

Christine, aliyekuwa amesimama kando na kitenge chake kimelowa jasho, alimshika Joviale mkono wa koti.

"Docteur, anasema nini?"

"Anasema... ni kubwa, maman."

"Sasa juu ya nini anafurahi?"

Joviale aliomba radhi, kama kawaida yake, ingawa si yeye aliyefurahi.

Ili mtu aielewe furaha ile, lazima ajue habari za mtihani. Mwisho wa miaka yote ya kusomea watoto, daktari hukaa mbele ya jury. Anapewa mtoto asiyewahi kumwona, anampima mbele ya maprofesa, kisha anasema ana nini. Sasa, mtoto mwenye kuhara tu au homa tu hana heshima mbele ya jury. Anatakiwa mtoto mwenye kitu cha kushika, cha kusikika, cha kumfanya profesa mgeni arudi kwao na kusema kule Bukavu kuna kesi. Kwa hiyo watoto wa mtihani huchaguliwa mapema na kuwekwa, kama watu wanavyomweka mbuzi wa Noeli. Tofauti ni kwamba mbuzi wa Noeli hulishwa na mwenye sikukuu. Mtoto wa jury hulishwa na mama yake, kwenye jiko la makaa nyuma ya wodi, bugali na sambaza, dagaa wa ziwani.

Gloire alitibiwa, na wiki chache baadaye homa ilikuwa imemwacha. Hewa ya Bukavu ni ya baridi na vidonge alivimeza bila kulia. Rangi ilirudi midomoni. Akaanza kuruka kamba uani na watoto wa wodi nyingine, na siku moja akaonekana amempanda mgongoni mlezi wa mapacha. Christine akaomba ruhusa ya kurudi.

"Docteur, mutoto alishapona," alimwambia Joviale. "Kwetu mupunga imeiva, ndege zinaimaliza. Na niliacha mutoto wa kunyonya kwa bibi yake. Tuachilieni."

Joviale alilipeleka ombi hilo kwenye msafara wa asubuhi, kwa mnong'ono. Profesa alimtazama kama mtu aliyeombwa kuuza kengele ya kanisa.

"Bandama? Aende wapi? Jury inakuja mwezi ujao!"

Hapo Hugues, ambaye kunyamaza kulimwasha mwilini kama upupu, alisogea mbele. "Prof, samahani. Nilimgusa jana. Naona rate imepungua. Vidole viwili hivi."

Ungedhani ametangaza msiba. Profesa aliinama akaligusa mwenyewe tumbo la Gloire, akapima, akapima tena, na uso wake ukakunjamana.

"Nani anaiharibu kesi yangu?" akauliza.

Kilichokuwa kinaiharibu ni dawa. Kila mtu pale alilijua hilo, kuanzia Profesa mpaka mwanafunzi wa mwisho aliyekuwa akiandika bila kusikia. Lakini hakuna aliyelisema, maana lingekuwa neno la ajabu kulisema hospitalini: mtoto anapona kwa kuwa anatibiwa.

"Basi tunasimamisha vidonge," Profesa alisema. "Mpaka jury ipite. Nataka waone ugonjwa katika usafi wake, si matibabu. Na kuanzia leo kesi imefungwa. Hakuna mkono wa mtu juu ya tumbo hili tena, wala wangu. Sitaki kusikia watahiniwa walijizoeza. Baada ya jury, nimeshaongea na mpasuaji. Tutaitoa hiyo rate, tuiweke kwenye chupa kwa ajili ya wanafunzi. Kitu kama hicho hakiozeshwi bure."

"Ni mafundisho makubwa, Prof," alisema Hugues.

"Docteur Joviale?"

"Ndiyo, Prof," alisema Joviale.

Muuguzi alifunga kipande cha bendeji kwenye chuma cha kitanda, alama ya kesi iliyofungwa. Ilikuwa desturi ya zamani katika idara ile, nao waliiheshimu kuliko walivyoheshimu kunawa mikono. Bendeji ikishafungwa, mtoto haguswi hadi siku ya mtihani, ili haki itendeke. Haki ilitendeka kwa mikono tu. Midomo haikufungwa bendeji. Jioni ile ile kila mtu kuanzia maabara mpaka jikoni alijua kwamba kesi ya jury ni rate, inafika kitovuni, malaria, mtoto wa Luvungi. Na aliyekuwa hajui aliambiwa na Hugues.

Joviale alikwenda chumba cha madaktari wa zamu, akaketi kwenye kitanda, akautazama ukuta. Hakuwa mtu wa kupiga meza. Akikasirika, machozi ndiyo hutangulia, na watu husema amechoka. Lakini siku ile hayakuja. Alikuwa anawaza jambo moja, nalo halikuwa gumu: mtoto huyu akiachwa bila dawa, homa itarudi, bandama litavimba, mtihani utapendeza, kisha watampasua wamtoe kiungo ambacho kwa uvumilivu kidogo kingerudi mahali pake chenyewe. Na mtoto asiye na bandama, akirudishwa kwenye mbu wa Luvungi, ni kama nyumba isiyo na mlango.

Upande wa pili wa mizani alikaa Profesa Cyprien mwenyewe, rais wa jury, ambaye kwa kalamu yake Joviale angekuwa daktari bingwa wa watoto au angerudia mwaka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya msafara, alikwenda nyuma ya wodi ambako akina mama walikuwa wakipika uji. Alichuchumaa karibu na Christine, akamwekea kiganjani kitu kilichofungwa kwenye karatasi.

"Maman Gloire. Moja kila asubuhi. Kwenye uji. Usimwambie mtu."

Christine alifungua, akaviona vidonge. Akamtazama.

"Ile Profesa alikataza."

"Ndiyo."

"Na weye uko naogopa nani?"

"Wote, maman," alisema Joviale. "Ninaogopa wote."

Christine alicheka mpaka moshi ukamwingia kooni. "Basi tuko babili," akasema, na kidonge cha kwanza kikaingia kwenye uji pale pale, kikasagwa kwa kijiko.

Ikawa hivyo. Msafara ulipita kila siku, ukasimama mbele ya bendeji kwa adabu, Profesa akasema, "Na Bandama letu?" Joviale akajibu, "Yupo, Prof," na wakaendelea mbele. Hakuna aliyemgusa. Hakuna hata aliyemtazama. Kama wangemtazama, wangeona kwamba mtoto aliyekuwa na tumbo la mwezi wa nane sasa alikuwa akifunga sketi yake kwa pini. Lakini wao walikuwa wakiitazama bendeji. Joviale mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtahiniwa, hakumgusa pia. Kwa hiyo hakujua. Alitumaini tu, na usiku mwingine alijuta kwamba anatumaini, maana alikuwa akiombea kuanguka kwa mtihani wake mwenyewe.

Siku ya jury ilifika na mvua. Chumba cha mikutano kilitandikwa kitambaa cheupe mezani, maua ya plastiki, maji ya chupa na soda. Profesa Cyprien alivaa tai ya rangi ya ini. Kulia na kushoto kwake walikaa maprofesa wawili wa mjini ambao kazi yao katika maisha ilikuwa kukubali. Walitikisa vichwa kwa mpigo mmoja, kama ng'ombe wa nira moja. Na mwisho wa meza alikaa mgeni, Profesa Carmel, mwanamke mfupi wa umri mkubwa kutoka Lubumbashi, aliyekuwa amezungukia Kigali, akavuka mpaka wa Ruzizi kwa miguu na sanduku lake, na aliyeonekana kufikiria zaidi miguu yake iliyovimba kuliko heshima aliyopewa.

Hugues aliitwa kwanza. Joviale alibaki kwenye benchi nje, na Christine kando yake. Christine alikuwa akiisokota ncha ya kitenge chake, akiifungua, akiisokota tena.

Hugues hakukaa sana. Alitoka akifuta paji la uso kwa leso, meno yote nje.

"Iko pale pale, ma chère," alimnong'oneza. "Mpaka kitovuni. Hata kipofu angeigusa."

Kwa hiyo, aliwaza Joviale, vidonge havikufanya kitu. Ama Christine aliogopa akavitupa. Aliingia ndani akiwa hajui amwonee huruma nani.

Gloire alikuwa amelala juu ya kitanda cha magurudumu, shati limefunguliwa. Alipomwona Joviale alitabasamu. "Docteur, miye niko na njaa," alisema kwa sauti. Profesa Cyprien aligonga meza kwa kalamu.

Joviale alifuata taratibu. Alimsalimia mtoto, akamuuliza anaumwa wapi, akatazama macho, akasikiliza kifua. Kisha akasugua viganja vyake vipate joto, akavilaza juu ya tumbo. Alianzia chini kabisa, upande wa kulia, kama alivyofundishwa, kwa sababu bandama kubwa likianziwa juu hupitwa. Akapanda polepole kuelekea kitovuni. Laini. Akapita kitovu. Laini. Akapanda mpaka chini ya mbavu za kushoto, akamwambia Gloire avute pumzi ndefu, na vidole vyake vikangoja kugongwa na ukingo mgumu.

Havikugongwa na kitu. Gloire alivuta pumzi, akaitoa, akacheka kwa sababu alitekenywa.

Joviale alimlaza ubavu akajaribu tena. Tumbo la mtoto lilikuwa tumbo la mtoto: limeshikilia uji wa asubuhi na hakuna zaidi. Ndipo akaelewa kwamba Hugues hakuligusa. Alikuja na bandama lake kutoka kwenye kibaraza, akaliweka pale, akaondoka.

Furaha ilimjaa ghafla. Furaha hiyo haikukaa. Mezani walikuwa wakimngoja. Neno lililotakiwa alilijua, na lilikuwa fupi. Akilisema, amekuwa bingwa leo hii. Na mpasuaji ameshapanga siku yake, na mpasuaji huyo hapimi kilichopimwa na Profesa. Gloire angefunguliwa tumbo atolewe bandama zima, lisilo na kosa, kwa ajili ya chupa.

"Tunakusikiliza, Docteur," alisema Profesa Cyprien. "Umekuta nini?"

"Sikukuta bandama, Prof."

"Sauti!"

"Sikukuta bandama."

Profesa alitabasamu kwa upole wa kutisha. "Anza upya. Bila haraka. Mtoto ana *kitu*, Docteur. Kitafute."

Alianza upya. Maprofesa wawili wa kukubali walimtazama kwa huruma ile wapewayo wanaozama mbele ya watu wenye nguo nzuri. Alipomaliza, alisimama wima. Sauti aliyokuwa akiitafuta tangu mwaka wa kwanza, siku ile ilitoka bila kuombwa, ikatoka kubwa kuliko chumba:

"Hakuna bandama la kushikika, Prof! Tumbo ni zima!"

Profesa Cyprien aligeuka kwa wenzake, akafungua viganja.

"Mikono ya woga," akaeleza. "Nimemwambia miaka yote hii. Anagusa mgonjwa kama anayegusa chungu cha moto."

Maprofesa wawili walitikisa vichwa.

Mwisho wa meza kiti kilisukumwa. Profesa Carmel alivua pete zake, akaziweka kwenye kisahani cha karanga, akaja kitandani akiburuta miguu.

"Mama, naweza kukugusa?" alimuuliza Gloire kwa Kiswahili cha kwao.

"Gusa tu," alisema Gloire. "Leo banagusa bure."

Mama yule aligusa. Aligusa huku ametazama dari, akachukua muda wake, halafu akageuka.

"Cyprien, kuja."

"Chère collègue..."

"Kuja unionyeshe. Iko wapi, hii rate yako?"

Profesa Cyprien hakuwa na pa kukimbilia, maana mlango ulikuwa upande wa pili wa kitanda. Akaja. Aliweka mkono wake juu ya kitovu kwa uhakika wa mwenye nyumba, kisha uhakika ukaanza kumtoka kupitia vidole. Alishuka, akapanda, akabonyeza, akarudi, kama mtu aliyesimama mlangoni kwake anatafuta ufunguo mfukoni na mvua inanyesha.

"Kuna... ukinzani," alisema hatimaye.

"Ukinzani ni wa mutoto," alisema Profesa Carmel. "Anacheka."

Kweli, Gloire alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Joviale alitolewa nje ili jury ishauriane. Alikaa tena benchini, akamshika Christine mkono. "Limekwisha, maman. Bandama limekwisha. Limerudi mahali pake." Christine alivuta kitenge akajifunika uso mzima, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hugues, aliyekuwa bado anafuta paji la uso, aliacha kufuta.

Mashauriano yalichukua muda wa kuchemsha maharage. Watu wenye akili waliojifungia chumbani hutoka na jambo ambalo mjinga hawezi kulibuni, na jury ile haikuwaangusha. Profesa Cyprien mwenyewe alisoma uamuzi, miwani kwenye ncha ya pua. Jury imeona ya kwamba mtahiniwa wa kwanza alikuta bandama hadi kitovuni, na amefaulu kwa sifa. Jury imeona vilevile ya kwamba mtahiniwa wa pili hakukuta bandama, na amefaulu. Majibu yote mawili ni sahihi, kwa kuwa imedhihirika kisayansi kwamba bandama la mgonjwa lilirudi katika hali yake ya kawaida kati ya mtahiniwa wa kwanza na wa pili.

Maprofesa wawili walitikisa vichwa. Bandama lililojaa tumbo kwa miezi lilikuwa limepungua katika muda ambao Hugues alitumia kutafuta leso.

Joviale alimtazama Profesa Carmel. Yeye ndiye aliyegusa. Yeye ndiye aliyejua. Mama yule alikuwa akizirudisha pete vidoleni moja moja, na alipokuta macho ya msichana yule yanamngoja, aliinua mabega.

"Mutoto haiko mugonjwa, weye umepita," alisema chini kwa chini. "Unataka nini ingine? Miye niko na safari." Akaweka sahihi, akaomba gari.

Basi hata yeye. Joviale alikuwa ameanza kumpenda.

Profesa Cyprien alimkamata kwenye kibaraza, mbali na wengine. Tai ya rangi ya ini ilikuwa imelegea.

"Ulimpa dawa."

Zamani angeuangalia mguu wake. Sasa aliangalia tai. "Ndiyo, Prof. Kila asubuhi."

"Nilikataza."

"Ndiyo, Prof. Na mimi nilimpa."

Alingoja radi. Profesa alifungua mdomo akaufunga, maana kumshitaki Joviale kungemlazimu aeleze mahali fulani kwamba dawa ilikatazwa, na tena kwamba bandama lilikuwa limekwisha kabla ya Hugues kulikuta. Kiburi kina hesabu zake, na huyu alizijua. Alichagua hasira ndogo.

"Umeua kesi nzuri kuliko zote za miaka yangu," alisema. "Mtoe. Leo hii. Mtoto mzima anakalia kitanda cha nini? Na mpasuaji mwambie hakuna kitu."

"Ndiyo, Prof," alisema Joviale, na kwa mara ya kwanza maneno hayo mawili yalikuwa matamu.

Christine hakungoja aambiwe mara mbili. Ndoo, sufuria mbili, jiko la makaa bado lina joto, mkeka, nguo: vyote vilifungwa katika kitenge kimoja kama walikuwa wanakimbia vita. Gloire alikata ile bendeji ya kitanda kwa meno akajifunga nayo nywele. Akina mama wa Moyo na Figo walimsindikiza mpaka kwenye ngazi, wakimwagiza salamu kwa watu wasiowajua.

Wakiwa uani, Christine alisimama. Uso wake ulibadilika.

"Docteur. Kule kwetu mbu ingali."

Ni kweli. Bandama lilikuwa limekwisha, mbu hawakwisha. Joviale aliwatazama, mama na mtoto na kifurushi chao, akasema, "Nendeni mlangoni. Ningojeni nje, kwenye moto, zile pikipiki za abiria."

Alirudi juu mbio, yeye asiyewahi kukimbia katika kibaraza kile. Katika chumba cha madaktari wa zamu kulikuwa na chandarua kimoja kipya juu ya kitanda, kimewekewa dawa, zawadi ya wafadhili waliopiga nacho picha. Wenye kukilalia walikuwa madaktari wa Bukavu, mji ambao mbu wake wanahesabika na wana baridi. Joviale alipanda juu ya kitanda na viatu vyake, akakifungua kwenye misumari minne, akakikunja, na kwa kuwa hakuwa na mfuko, alikisokomeza chini ya blauzi, akafunga koti jeupe juu yake vifungo vyote.

Mlangoni, mlinzi mzee alimsimamisha mtu mmoja mmoja na kukagua mizigo, kwa maana hospitali ilikuwa ikiibiwa mashuka. Alipoona daktari anakuja, alivua kofia. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye koti lililotuna, na uso ukamng'aa.

"Aa, Docteur! Kumbe! Na sisi hatukuwa tunajua kitu!"

Joviale alihisi masikio yanawaka moto. Hakuwa na mume, hakuwa hata na mchumba, na kesho asubuhi habari hiyo ingekuwa imefika Bagira kwa mama yake. Angeweza kufungua kifungo kimoja tu akaeleza.

"Mungu akubariki, akupe kijana," alisema mzee.

"Amina, papa," alisema Joviale kwa sauti, akapita.

Pikipiki ilikuwa imeshawashwa. Christine alipoona kinachotoka chini ya blauzi ile, alipigishwa magoti na kicheko, ikabidi dereva amshikie ndoo. Wakakaza chandarua kati ya mama na mtoto ili kisidondoke, Joviale akamwonyesha Gloire namna ya kukifunga na namna ya kukifukia chini ya mkeka, na Gloire akarudia yote bila kukosea huku akiuliza kama wataona ziwa njiani. Moto ikashuka kilima kuelekea magari ya Uvira yapitayo Luvungi, ncha nyeupe ya chandarua ikipepea ubavuni mwa Christine.

Joviale alisimama mpaka wakapotea kwenye kona. Halafu akashusha koti lake, ambalo sasa lilikuwa tambarare tumboni, akavuta pumzi, na akarudi kupita mbele ya mlinzi yule yule.